Siku ya Ishirini na Nane

Fomu inataka maneno mia tano, yasizidi,
juu ya pengo ninalotaka kuziba katika elimu ya dunia.
Nimekaa nayo tangu baada ya isha,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
feni inakata joto vipande visivyopoa,
na pengo ninalolijua mimi
liko juu ya kichwa changu, kwenye boriti ya sebule:
ufa wa unene wa kucha
unaotoka jasho la kahawia kila masika.

Kutu. Nondo hula nguo, kutu hula nondo,
na nyumba za pwani hufa kwa ndani
kama mtu anayejibu sijambo.

Ufadhili kamili, tangazo limesema:
ada, maabara, nauli, posho ya kujikimu, miaka minne.
Mama kauliza mara mbili.
"Yaani utalipa?"
Nitalipwa, mama.
"Kusoma?"
Kusoma.
Akatazama mlango, kana kwamba tapeli yuko barazani.

Sijawaandikia habari za baba,
aliyeacha vidole viwili kwenye korona ya mkonge
na kidonda kilipofunga akarudi kwenye korona ileile,
akituletea katani mfukoni, nyeupe, ndefu,
tuzifanye nywele za wanasesere wa matambara.
Nimeandika tu: "Nyuzi za mkonge, milimita ishirini,
asilimia moja ya ujazo, huenda zikachelewesha ufa."
Nusu ya sentensi hiyo ni mkono wake.

Wala sijui nimweke wapi fundi Mbaruku,
anayeonja mchanga kwa ncha ya ulimi kabla hajaulipia.
Nilimpelekea vikopo vitatu, havina majina:
wa mtoni, wa shimoni,
na wa ufukweni uliooshwa mara moja tu.
Akaonja, akatema, akavipanga.
Nikarudi maabara, kiwandani, nikawasha kipimo.
Kipimo kikavipanga vilevile,
ila kilichukua saa tatu, na umeme ulikatika katikati.
Fomu inataka wadhamini wawili
wenye barua pepe za taasisi.
Mbaruku ana kitochi, na taasisi yake ni ulimi.

Wanasema elimu ni bahari.
Sawa. Mimi ninaloomba ni kupima chumvi yake:
inaingia zegeni kwa mwendo gani,
milimita ngapi kwa mwaka,
na ni siku gani inagusa chuma.

Umri: thelathini na tisa.
Kisanduku kinataka nieleze mapengo yoyote
tangu shahada ya pili.
Naandika: miaka kumi na mmoja, navunja michemraba ya zege.
Kila mmoja hukaa majini siku ishirini na nane,
si ishirini na saba,
kisha naubana kwenye mashine mpaka useme kweli yake.
Hilo si pengo, mabwana. Ndiyo zege kukomaa.
Nafuta "mabwana."
Narudisha.
Nafuta.

Dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku, saa za kwao,
yaani saa tisa, hapa kwetu,
na bando limebaki la kutuma mara moja, si mbili.
Mdhamini wa kwanza: Profesa Kihiyo, aliyestaafu,
anayejibu barua kila Ijumaa.
Wa pili: meneja wangu, ambaye hajui kwamba nataka kuondoka.
Na kwenye ukurasa wa mbinu za utafiti, mstari wa nne,
naingiza jina zima: Mbaruku Mwinjuma,
"vipimo vya awali."
Wakiuliza kifaa, nitawajibu.

Natuma.
Duara linazunguka, linazunguka, mama anakohoa chumbani,
kisha barua fupi isiyo na mtu:
tumepokea, subiri wiki nne.

Nahesabu kwa vidole, narudia kuhesabu.
Maji hayo nayajua.